Mkia Ukutani

Kwa mwaka mmoja na miezi saba Bi Sindano na mdogo wake walikula wamepakata sahani, kwa sababu mezani kulikuwa na ndege.

Ilikuwa ndege ya kivita ya zamani, ya injini moja na kiti kimoja, ila ndogo: toka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ilikaribia urefu wa mtu mzima. Mabawa yalizidi meza pande zote mbili, na ili watu wapate njia ya kwenda jikoni ilibidi meza isukumwe mpaka mkia wa ndege uguse ukuta.

"Mgeni gani huyu," Bi Sindano alizoea kusema, "hali, hanywi, haagi, na meza yote kaichukua yeye."

"Mvumilie, Dada," mdogo wake alimjibu bila kuinua kichwa. "Ana safari."

Mdogo mtu Bi Sindano alimwita Fundi, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Alikuwa amehudumia ndege za jeshi kwa miaka ishirini na mbili, akastaafu na mgongo mbovu na mikono mizima. Bi Sindano alikuwa mshonaji, na jina lake lilitoka huko. Yeye mjane, Fundi mgane. Watoto wote walishakwenda kwao, wakabaki wawili chini ya bati moja, wakigombana kuhusu chumvi na kupatana kuhusu mengine yote.

Fundi alichonga mbavu za ndege kwa mbao nyepesi sana, mbao ambazo ukipiga chafya zinahama. Bi Sindano ndiye aliyezivika nguo. Kilikuwa kitambaa chembamba kinachonywea kwa joto la pasi, na hakuna mkono uliojua pasi kama wake. Alikivuta juu ya bawa taratibu, akakibana, akakipitishia joto, mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Kila alipoketi kuanza kazi alikuta mto umeshawekwa kwenye kiti chake na pasi imeshapata moto. Fundi hakusema ni yeye aliyefanya. Hakuhitaji kusema.

Halafu yakaja madoido. Vichwa vya ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshika mabati ya ndege, walivitengeneza kwa matone ya gundi, wakiyatoa kwenye bomba la sindano la hospitali, tone baada ya tone kwa kufuata rula. Bi Sindano alihesabu ribiti elfu moja na mia moja kwenye bawa moja, akaacha kuhesabu. Moshi wa injini ulikuwa masizi ya sufuria yaliyochanganywa na chaki. Chini ya pua Fundi alipaka doa la mafuta, dogo, lenye mkia.

"Ndege nzuri unaipakaza uchafu?"

"Ndege hii ilivuja hapa siku zote. Bila doa hili, wenzangu watasema sijawahi kuigusa." Kisha akakwangua rangi kidogo juu ya bawa la kushoto, karibu na kiti. "Na hapa huchubuka. Hapa ndipo rubani anakanyaga akipanda."

Bi Sindano alipatazama pale palipochubuka kwa muda mrefu. Mguu uliokuwa ukikanyaga pale aliujua.

Mumewe alikuwa rubani wa ndege hiyo. Wenzake walimpa jina la Taratibu, na halikuwa jina la utani tupu. Alikuwa mtu wa kuizunguka ndege mara tatu kabla ya kupanda. Nyumbani aliangalia jiko mara mbili kabla ya kulala, na chai aliisubiri ipoe hadi wengine wanaosha vikombe. Asubuhi moja, miaka thelathini na moja iliyopita, aliruka, ndege ikalala kushoto kabla haijapita uzio, ikazidi kulala, ikapiga ardhi. Uchunguzi ukaandika kwamba rubani alifanya madaha karibu na ardhi. Taratibu, madaha! Mkewe aliposomewa alidhani wamekosea karatasi.

Basi jina lake halikuandikwa. Kwenye lango la ofisi ya wanahewa wastaafu kuna jiwe lenye majina kumi na moja ya waliofia kazini. Yeye hayumo. Ndugu zake wengine hawakuja hata mazikoni, kwa aibu. Aliyemshika mkono mjane siku ile, mwanzo hadi mwisho, alikuwa Fundi.

Sasa wastaafu walikuwa wameomba ndege ya mfano, ya kuongozwa kwa rimoti, irushwe siku yao ya kumbukumbu halafu iwekwe kwenye kabati la kioo. Mwenyekiti wao alikuja kuiangalia ilipokaribia kuisha. Zamani alikuwa mkaguzi wa karakana, na mpaka leo waliendelea kumwita Mkaguzi. Alipangusa viatu mlangoni kwa uangalifu, akaisifia kazi kwa moyo, kisha akaona namba kwenye ubavu.

"Fundi, namba hii?"

"Ndiyo namba niliyoihudumia."

"Weka nyingine. Na chini ya dirisha andika jina la yeyote kati ya wale kumi na mmoja. Msinielewe vibaya, Mama," alimgeukia Bi Sindano, "mimi mwenyewe nilimpenda yule bwana. Lakini siku ya heshima ni siku ya heshima."

Alipoondoka Bi Sindano alimwuliza mdogo wake, "Utabadilisha?"

"Namba?" Fundi alikuwa akichonga kichwa cha rubani, kidogo kama yai la njiwa. "Mkono unaniuma."

Bi Sindano alimshonea rubani yule nguo, na shingoni akamfunga skafu ya buluu aliyoikata kwenye leso ya Taratibu. Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka kabla ya kufa, na Fundi alilijua: jina la mumewe likae mahali panapoonekana, watu wapite walisome.

Ikaja siku ya kupima usukani. Nyuma ya kila bawa kuna kibao kinachocheza. Rubani akielekeza usukani kushoto, kibao cha bawa la kushoto hupanda na cha kulia hushuka, na ndege inalala kushoto. Akielekeza kulia, kinyume chake. Katika ndege ya mfano, kila kibao huvutwa na mota ndogo, na rimoti ndiyo usukani.

Mkia ulikuwa ukutani, kwa hiyo Fundi aliweka kigoda mbele ya pua, akaitazama ndege uso kwa uso. Bi Sindano akaketi ubavuni na rimoti mapajani.

"Kushoto," alisema, akasukuma kijiti.

"Kushoto kimepanda. Sawa."

"Kulia."

"Kulia kimepanda. Sawa. Ndege imekubali, Dada."

Bi Sindano hakuiweka rimoti chini. "Fundi, kushoto kwa nani?"

"Kwa nani vipi?"

"Wewe unaitazama usoni. Mteja akisimama mbele yangu, mkono wake wa kushoto uko kwangu kulia. Nilishaharibu koti la bwana harusi kwa hilo, nikiwa msichana. Tangu siku ile kabla sijachoma pini nazunguka, nasimama mgongoni kwake."

Fundi alicheka. "Sasa unanifundisha ndege." Lakini aliinuka, mgongo ukimlalamikia, akapenyeza kichwa kati ya mkia na ukuta, shavu likiwa limebanwa kwenye plasta. "Haya, tena. Kushoto."

Alisukuma kijiti kushoto. Kilichopanda kilikuwa cha kulia.

"Umepishanisha waya," Bi Sindano alisema. "Si kitu. Zibadilishe."

Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Kuchomoa mbili, kuchomeka mbili. Fundi hakuifanya. Alibaki palepale, shavu ukutani, kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani. Alipojitoa, chokaa ilikuwa imembakia usoni, na dada yake alipotaka kumpangusa alirudi nyuma.

Siku mbili hakula. Alikunywa maji, akakaa uani akizitazama nguo zilizoanikwa. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Bi Sindano akiwa anapiga pasi gauni la mteja, alikuja akasimama mlangoni.

"Dada, zima pasi."

Akaizima.

"Karakana ilikuwa imejaa siku ile. Ndege nne mahali pa tatu. Yake tuliisukuma mkia ukutani." Alisema polepole, macho kwenye sakafu. "Nilikuwa nimebadilisha nyaya za mabawa. Sheria ni mmoja aketi ndani ashike usukani, mmoja asimame nyuma ya mkia, atazame kama rubani anavyotazama. Nyuma hapakuwa na nafasi. Nikasimama mbele. Mwenzangu akasema kushoto, nikasema kimepanda, sawa. Akasema kulia, nikasema sawa. Mkaguzi alitakiwa aje aone kwa macho yake kabla ya kutia saini. Alikuwa na wageni. Akatia saini ofisini."

Bi Sindano alishika ukingo wa meza ya kupigia pasi.

"Na yeye? Aliyezunguka mara tatu?"

"Vibao vilikuwa mahali pake, vinacheza vizuri. Angeona nini? Na ukiketi ndani ya ndege ile huvioni vibao vyako. Unategemea macho ya aliye nje. Asubuhi ile aliniuliza kwa mkono, nami mbele ya pua nikamwinulia dole gumba." "Upepo ulimpiga akalala kushoto. Alikuwa anaelekeza kulia, Dada. Kadiri alivyojiokoa ndivyo alivyozama. Nilivyounganisha hapa mezani ndivyo nilivyounganisha kule. Mikono ni ileile."

"Ulijua?"

"Sikujua." Kisha: "Nilijua kuna mahali sitaki kupafikiria. Hicho ndicho nilichojua."

Bi Sindano aliuzungusha waya wa pasi kiganjani, duara juu ya duara, akauweka vizuri. Akatoka nje.

Siku tisa hakumsemesha. Alipika kama kawaida, akamwekea sahani yake kizingitini mwa chumba, akaichukua ikiwa imepoa. Mawazo yake yalikuwa yakienda kwenye mambo madogo. Mabati ya paa hili, Fundi aliyapigilia jua la mchana likimchoma kisogo. Viatu vya watoto alivitia nyayo mpya kila mwanzo wa muhula, akidai ngozi ilibaki tu kwa rafiki. Binti yake aliposhikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa mvua, ni Fundi aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, na mgongo ule haukupona tena. Miaka thelathini na moja ya hivyo. Je, ule ulikuwa wema, au yalikuwa maji ya kunawia mikono?

Mshonaji akiutilia shaka mshono huugeuza ndani nje, akauvuta. Aliuvuta siku tisa. Haukukatika. Lakini aliona mahali ulipopinda, na alijua kwamba kuanzia sasa atapaona kila siku.

Siku ya kumi alivaa viatu. "Vaa shati," alimwambia. "Tunakwenda kwa Mkaguzi."

Mkaguzi aliwapokea kwenye baraza ya ofisi, akamvutia Bi Sindano kiti kwa mkono wake mwenyewe, akakipangusa vumbi. Alisikiliza habari yote bila kukatiza. Ilipoisha, vidole vyake vilikuwa vikitafuta kitu juu ya meza na havikioni.

"Yaliyopita si ndwele, Mama," alisema mwisho. "Tugange yajayo."

"Kwangu hayajapita. Ndwele ninayo."

"Karatasi zilifungwa. Nani atasadiki? Watasema Fundi kazeeka, anaota mchana."

"Na saini yako je?"

Mkaguzi alitazama lango, mahali jiwe lilipo. "Mama, nina wajukuu wanaoniita shujaa."

"Hata yeye ana wajukuu. Hao wanaambiwa babu yao alikuwa mpiga madaha."

Mkaguzi akasema wailete ndege siku ya kumbukumbu, watu wafurahi, na suala la jina ataliangalia baadaye. Namna alivyosema "baadaye" hata mtoto angeelewa.

Njiani Fundi alitembea hatua mbili nyuma. Walipofika kona ya kwao Bi Sindano alisimama.

"Waya bado zimepishana?"

"Sijazigusa."

"Ziache hivyo. Uirushe kama ilivyoruka siku ile, mbele ya wote."

Fundi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya pasi. "Itavunjika."

"Najua."

"Ribiti zako zote, Dada."

"Nimesema najua."

Jioni hiyohiyo, jua likiwa bado dirishani, alichukua brashi nyembamba kuliko zote, akaandika chini ya dirisha la rubani kwa rangi nyeupe: TARATIBU. Fundi alimshikia taa ya mezani, akiisogeza kidogo kila kivuli cha mkono kilipoangukia herufi. Sahani ya Fundi usiku ule haikuwekwa kizingitini.

Siku ya kumbukumbu nyasi za uwanja wa zamani zilikuwa zimefyekwa, na wazee wapata arobaini walikaa chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, kamba ikiwatenga na uwanja. Ndege ilipowekwa chini waliinuka wote. Waliizunguka wakiinama, wakishikana mabega. "Tazama, hata panapovujia kapaweka." "Na hapa, rangi imechubuka. Fundi, wewe ni mchawi." Mmoja alicheka mpaka akafuta macho. Kisha, mmoja baada ya mwingine, waliiona namba, halafu jina, na vicheko vikapungua. Mkaguzi alipiga hatua kuelekea kwenye ndege, akaona macho ya watu, akarudi nyuma.

Upepo ulikuwa ukitoka kulia. Fundi alikuwa amekwisha kuiwasha rimoti pale Bi Sindano alipopiga hatua mbele, akapiga magoti kwenye nyasi, akafungua kifuniko cha kioo. Akamtoa rubani mdogo mwenye skafu ya buluu, akakifunga tena.

"Safari hii hapandi," alisema. "Atatazama akiwa chini."

Hakuna aliyeelewa, isipokuwa mmoja.

Fundi akamwita mzee wa zimamoto, mtu mrefu, mnyamavu, ambaye siku ya ajali ndiye aliyefika wa kwanza. "Kaka, simama hapa kando yangu. Usiitazame ndege. Tazama vidole vyangu, na useme kwa sauti vinakwenda wapi."

"Niseme tu?"

"Useme tu."

Mota ikalia. Ndege ilikimbia kwenye nyasi, mkia ukainuka, magurudumu yakaacha ardhi, na kwa muda wa pumzi mbili ilikuwa angani, masizi yake na ribiti zake zikiwaka juani, nzuri kuliko kitu chochote Bi Sindano alichowahi kushona. Kisha upepo ukaligusa bawa. Ikalala kushoto kidogo.

"Kulia," mzee wa zimamoto alisema. "Anapeleka kulia."

Ikalala zaidi.

"Kulia. Kulia zaidi." Aliinama karibu na rimoti. "Amefika mwisho wa kulia. Kijiti chote kiko kulia, jamani."

Bawa la kushoto likaelekea chini, tumbo la ndege likawageukia, na ikapiga ardhi ng'ambo ya kamba. Haikutoa mlio mkubwa. Ilikuwa kama kreti ya matunda iliyodondoshwa.

Wazee walikuwa wamesimama. Wengi wao waliwahi kuliona anguko lile mara moja maishani, na sasa walikuwa wameliona mara mbili.

Fundi aliiweka rimoti kwenye nyasi. "Nilifunga nyaya zikapishana," alisema, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia. "Mkia ulikuwa ukutani, nikapimia mbele. Yeye hakukosea kitu. Aliyekosea ni mimi." Hakumtaja Mkaguzi. Aliyeulizwa na macho ya watu alijitaja mwenyewe: Mkaguzi aliketi, akavua kofia, akasema, "Sikutoka ofisini siku ile."

"Usukani ulikuwa umeelekea kulia," mzee wa zimamoto alisema kana kwamba anaongea na nafsi yake. "Nilipomtoa. Niliuona. Nikadhani ni kishindo ndicho kilichoupindisha. Hakuna aliyeniuliza." Akaenda ng'ambo ya kamba peke yake, akaanza kuokota vipande, akivifuta udongo kimoja kimoja kwa kiganja kabla ya kuvipakata.

Miezi miwili baadaye jina liliongezwa kwenye jiwe. Nafasi ilikuwa haba, mchongaji akalibana chini kabisa, herufi ndogo kuliko za wenzake. Bi Sindano alilipapasa kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho, kisha tena. Fundi hakuwepo. Hakuna aliyemkataza kuja, ila hakuna aliyemwalika, na wengine ambao zamani walimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara sasa walikuwa na haraka. Mzee wa zimamoto pekee ndiye aliyeendelea kupita siku za Ijumaa, akakaa naye uani.

Bi Sindano aliporudi kutoka kwenye jiwe alimkuta mdogo wake amekaa pale pa siku zote, sahani mapajani, ingawa meza ilikuwa tupu mwezi wa pili sasa. Na yeye mwenyewe, alipofikiri, alikuwa akila vilevile. Juu ya cherehani rubani mdogo alikuwa ameegemea kibweta cha nyuzi.

"Wameliandika," alisema.

"Vizuri?"

"Dogo. Lakini linasomeka."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Hakuuliza lile jingine, kama amesamehewa, na dada yake alishukuru kwamba hakuuliza, maana jibu hakuwa nalo bado. Alivua viatu. Akashika meza kwa upande mmoja.

"Shika huko."

"Inakwenda wapi?"

"Mbali na ukuta."

Waliivuta hatua mbili, ikalia sakafuni, mpaka mtu aweze kupita nyuma yake. Ukutani, pale mkia ulipogusa kwa mwaka mzima na zaidi, palibaki alama nyeusi ndogo.

"Umeziba njia ya jikoni, Dada."

"Tutazunguka," alisema, akaweka sahani mbili mezani.